Bwawa Likiwa Kijani, Samaki Wanakula Nini?

SWALI: Kwako mhariri, sisi ni kikundi cha wafugaji wa samaki karibu na Ahero, na bwawa letu hupokea maji ya mvua yanayotoka mashambani. Tangu masika maji yamekuwa ya kijani mithili ya rangi ya ukuta. Mzee mmoja wetu anashikilia kwamba kijani hicho ndicho chakula cha ngege (tilapia), kwa hiyo tuzidishe samadi. Je, ni kweli? Na omega-3 ya samaki hutoka wapi?
Mfugaji, Kaunti ya Kisumu

JIBU: Mzee wenu amegusa ukweli, ila hakuufikisha mwisho. Planktoni, yaani mwani na vijidudu vinavyoelea majini, ndiyo msingi wa chakula bwawani, lakini wingi wake ni jambo moja na ubora wake ni jambo jingine, na ubora huo hutegemea hali ya maji.

Samaki hawezi kujitengenezea omega-3 bila kupata malighafi yake katika chakula. Asidi hizo za mafuta huanzia kwenye mwani, kisha hupitia vijidudu kama dafnia hadi kumfikia samaki. Diatomu, mwani wa rangi ya kahawia wenye ganda la silika (madini ya kioo), wana kwa wingi EPA, aina ya omega-3 ndefu, na kriptofiti, kundi jingine la mwani mdogo sana, wana EPA pamoja na DHA, omega-3 nyingine ndefu. Mwani wa kijani halisi una zaidi ALA, omega-3 fupi ambayo ngege huweza kuigeuza kwa kiasi kuwa asidi hizo ndefu. Sayanobakteria, yaani bakteria wa kijani-bluu wanaoishi kwa mwanga kama mwani, ambao huenda ndio waliotanda bwawani mwenu, karibu hawana EPA wala DHA, na makundi yao yenye ute humshinda dafnia kumeza. Ngege wenu hawatakufa njaa, kwa kuwa wanaweza kuwasaga, lakini watashiba chakula kilichopungukiwa na mafuta bora.

Vinavyowapa sayanobakteria nafasi ni fosforasi na naitrojeni kutoka kwenye samadi na mbolea, hasa maji yakiwa ya joto na yametulia, jambo ambalo wakazi wa kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria wanalijua vyema. Joto lenyewe pia huufanya mwani upunguze asidi zenye omega-3 katika utando wa seli zake. Tope nalo huzuia mwanga, na sayanobakteria wanaoelea juu hunufaika kuliko wenzao.

Tekeni maji katika chupa ya kioo, muiache kivulini bila kuitikisa hadi kesho yake. Kijani kikipanda juu na kufanya utando, basi yaelekea ni sayanobakteria. Rangi ya kahawia ikituama chini, yaelekea mna diatomu, ingawa hadubini pekee ndiyo itakayothibitisha.

Kwa sasa acheni samadi kabisa, mpande nyasi za mabingobingo mahali maji ya mashamba yanapoingilia, na ng'ombe wanywe kwingine, kwani baadhi ya sayanobakteria hutoa sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Msimwage dawa ya shaba kuua kijani chote kwa mara moja: seli zikipasuka sumu humwagika majini, na zikioza huimaliza oksijeni, samaki wakafa. Wakati maji yanaendelea kurejea hali yake, chakula chenye unga wa omena kitawapa ngege EPA na DHA moja kwa moja, ijapokuwa bei yake si ya kupuuzwa.