Tasnifu ndefu: nihamie LaTeX?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika katika Word, kwa Kiswahili, tasnifu ya uzamili kuhusu mifongo ya kumwagilia migomba na kahawa huku kwetu mlimani. Nimefika ukurasa wa 160, na kila nikiongeza picha, namba za vielelezo na orodha ya yaliyomo huvurugika. Mwenzangu ananihimiza nihamie LaTeX, programu ya kupanga maandishi. Imebaki miezi minne. Nihame? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza muulize msimamizi wako anasahihisha kwa njia gani. Ikiwa huandika maoni yake ndani ya faili ya Word, kuhama kutakufanya unakili masahihisho hayo kwa mkono, sura baada ya sura. Ikiwa husahihisha kwa kalamu kwenye karatasi, una uhuru zaidi.

LaTeX, ambayo Leslie Lamport aliijenga katika miaka ya 1980 juu ya TeX, programu ya kupanga kurasa ya Donald Knuth, haikuonyeshi ukurasa unapoandika. Unaandika maneno pamoja na amri, kisha programu yenyewe inapanga kurasa na kuhesabu sura, vielelezo na marejeleo. Ni ya bure, na kwa maandishi yenye hesabu nyingi sijaona mshindani wake. Kwa anayeandika Kiswahili, hata hivyo, ina usumbufu ambao washabiki wake hawautaji: usipoielekeza, itaandika «Chapter» badala ya Sura, na mwishoni mwa mstari itakata maneno kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani, hata neno kama «umwagiliaji» likagawanyika mahali pasipo mpaka wa silabi. Tiba ipo, nayo ni kubadilisha vichwa kwa amri na kuiorodheshea silabi za maneno yanayokatwa vibaya, lakini kazi hiyo hula siku.

Kwa miezi minne, mimi ningebaki na Word. Vurugu unayoieleza kwa kawaida hutokana na kuandika namba kwa mkono na kukuza vichwa kimoja kimoja. Vipe vichwa vyote mitindo ya vichwa iliyomo katika programu, weka namba za picha kupitia menyu ya marejeleo, kisha tengeneza yaliyomo upya. Mchana mmoja unatosha kwa sura mbili tatu.

Ukiendelea kuitamani LaTeX, ijaribu kwa sura moja iliyokwisha kusahihishwa. Ikigoma, soma kosa la kwanza tu, kwa sababu yanayofuata mara nyingi ni watoto wake. TeX Live, yaani mkusanyiko wa programu unaosakinisha LaTeX, ikiwa kamili ni gigabaiti kadhaa, kwa hiyo ipakue chuoni, si kwa bando la simu.