Methadoni, dawa za TB na woga wa kuitwa teja

SWALI: Mdogo wangu anakunywa methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya heroini (unga), kwenye kliniki moja hapa Dar es Salaam, huu ni mwezi wa nane. Dozi yake ni miligramu 80 na alikuwa ametulia kabisa. Wiki tatu zilizopita alianzishiwa dawa za TB kwenye kituo kingine. Hakusema kwamba yuko kwenye methadoni, aliogopa kuitwa teja mbele za watu. Sasa kila alfajiri anatokwa na kamasi na machozi, anapiga miayo, mifupa inamuuma. Mama ameshakata shauri kwamba amerudia unga na anataka aondoke nyumbani. Je, ni unga au ni dawa?

JIBU: Kwa hayo uliyoeleza, shuku dawa kwanza. Ndani ya vidonge vya TB mna rifampisini, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa. Rifampisini hulichochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja methadoni. Miligramu 80 anakunywa zilezile, lakini zinazobaki kwenye damu zaweza kupungua kwa theluthi moja, pengine hata zaidi ya nusu. Dozi iliyokuwa ikimfikisha asubuhi ya pili sasa inaishia njiani. Arosto ya namna hii, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa uliyoizoea, huanza siku chache hadi wiki mbili baada ya kuanza dawa za TB, na huwa kali zaidi saa za mwisho kabla ya dozi inayofuata. Saa mbili hadi nne baada ya kunywa dozi dirishani pa kliniki, mtu hupata nafuu.

Mwambie mama amtazame macho. Mwenye arosto mboni zake hupanuka, vinyweleo humsimama, tumbo humwendesha. Aliyetoka kutumia unga mboni husinyaa zikawa kama ncha ya sindano, naye husinzia. Msikimbilie kipimo cha haraka cha mkojo kama hakimu: baadhi ya vipimo hivyo husoma rifampisini kama heroini, na jibu lake linahitaji kuthibitishwa maabara.

Hapa ndipo unyanyapaa unapoleta madhara ya mwilini kabisa. Kituo cha TB kingejua, kingewasiliana na kliniki ya methadoni na dozi ingerekebishwa mapema. Kwa kuwa alificha, arosto ikaja bila maelezo, na nyumbani kila dalili ya mtu aliyewahi kubwia husomwa kwa jicho lilelile: karudia. Akisukumwa nje akiwa na arosto, njia ya karibu ya kuituliza ni kijiweni, na akishatumia, mnasema mlijua tu. Tena atakuwa anakohoa huko huku ameacha vidonge vya TB nusu njia, jambo linalozaa TB sugu.

Kwa hiyo asiache dawa za TB. Leo au kesho aende kliniki ya methadoni na kadi yake ya TB, amwambie daktari tarehe aliyoanza vidonge na saa ambayo arosto inaanza. Kwa kawaida dozi hupandishwa kidogo kidogo, tuseme miligramu 10 kila baada ya siku chache, huku akiangaliwa kabla ya dozi na saa chache baadaye. Wapo wanaohitaji nyongeza ya nusu ya dozi yao ya awali, wengine hata mara mbili. Asijazie mwenyewe kwa Valium, tramadoli wala pombe. Vikichanganyika na methadoni hupunguza kasi ya kupumua, na hivyo ndivyo watu wanavyofia usingizini.

Kituo cha TB nacho lazima kijue. Aseme akiwa ndani ya chumba cha daktari, si kwenye foleni: "Natumia methadoni, miligramu 80, kila asubuhi." Sentensi hiyo inatosha, historia ya maisha hadaiwi. Akitukanwa, muende kwa mganga mfawidhi. Nanyi wahudumu mnaosoma hapa, muulizeni kila mgonjwa wa TB anatumia dawa gani nyingine, methadoni ikiwemo, bila kuchagua sura. Mkimuuliza yule tu aliyechakaa, atakana. Ulizeni pia kama vidonge vya TB vinaweza kumezwa palepale dirishani pa methadoni. Anafika kila siku hata hivyo.

Kama anatumia pia ARV (dawa za VVU) zenye dolutegraviri, rifampisini huishusha nayo, ndiyo maana huongezwa kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya kile cha kwanza. Hilo nalo halirekebishwi lisipotajwa.

Watu wengi husahau mwisho wa matibabu. TB ya kawaida hutibiwa miezi sita. Rifampisini ikisimama, ini hurudia kasi yake ya zamani ndani ya wiki mbili hivi, na ile dozi iliyopandishwa inageuka kuwa kubwa mno. Kliniki ipewe tarehe ya kumaliza mapema ili ishushe taratibu. Katika wiki hizo mkimwona anasinzia katikati ya maneno, anakoroma isivyo kawaida, anapumua polepole au midomo imegeuka rangi, mlazeni ubavu, msimwache peke yake, na mumkimbize hospitali mkitaja methadoni mlangoni.