Mume anataka tupande Rombo Krismasi, na mtoto ana mwezi mmoja

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Sakina hapa Arusha na mume wangu. Mimi kwetu Singida, yeye ni Mchaga wa Rombo, kule Kilimanjaro. Mwanzoni mwa Novemba nilijifungua mtoto wetu wa kwanza, wa kiume, kwa upasuaji. Sasa mume anasema tarehe 22 tunapanda kwao tukae hadi mwaka mpya, maana ndugu wote wanatoka Dar na Mwanza, na mtoto amepewa jina la babu yake kwa hiyo lazima aonekane. Mwaka jana nilienda, nikaosha vyombo asubuhi hadi usiku, mume nikawa namwona saa sita za usiku akirudi na wenzake aliosoma nao. Mwaka huu nikifikiria moshi wa lile jiko, watu ishirini wanaopokezana mtoto, na wifi yangu ambaye ameshaniambia kwenye simu kuwa maziwa yangu ni mepesi nimpe mtoto uji, nasikia kuumwa. Nikimwambia mume naogopa, ananijibu, "Usiniaibishe, mama atafikiri unamnyima mjukuu." Mama yangu mzazi aliyekuwa ananisaidia ameondoka juzi. Nisiende? Samahani kwa barua ndefu, siku hizi nalia hovyo hata sijui kwa nini. — Mama Junior, Sakina*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kupata mtoto.

Nianze kwa kumtetea mumeo kidogo, halafu nitamrudia. Watu wa mikoa mingine wanawatania Wachaga kila Desemba kwamba wanakwenda kuhesabiwa, na Wachaga wenyewe wanacheka. Lakini kuna mzee kule juu ambaye amekaa na migomba yake miezi kumi na moja akisubiri wiki hii moja nyumba ijae. Na mtoto wa kiume wa kwanza, kwa mila yao, hubeba jina la babu mzaa baba. Kwa yule mzee, huyo mtoto si mgeni wa Krismasi. Ni jina lake mwenyewe linaingia getini limefungwa kwenye shuka. Mumeo hakutunga hilo ili akusumbue.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila usiende kama ulivyoenda mwaka jana, na usikae siku kumi.

Wewe umeandika kana kwamba mila za ukweni ndizo zinakuja kukuangukia. Hapo ndipo ninapokupinga. Umeolewa kwenye kabila ambalo lina utaratibu wa uzazi wa kukufaa kuliko unavyojua. Muulize mwanamke yeyote wa Kichaga wa rika la mama mkwe wako alitunzwaje alipojifungua. Atakwambia: miezi mitatu mzazi haingii jikoni, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe. Yuko chumbani, analetewa mtori asubuhi, maziwa mchana, nyama na supu jioni, na anayeleta mara nyingi ni mama wa mume. Akitoka nje baada ya hapo, watu wanamtazama mashavu. Yakiwa yamejaa, boma limesifiwa. Yakiwa yamebonyea, anayesemwa njiani kutoka kanisani ni mama mkwe.

Umeona ilipo silaha yako? Mzazi wa wiki saba, mwenye mshono, akionekana ameinamia sufuria la wali la watu ishirini, aibu si yako. Mwaka jana uliosha vyombo kwa sababu ulikuwa bi harusi mpya na mikono yako ilikuwa mitupu. Mwaka huu una cheo kingine kabisa, na inaelekea hakuna aliyekwambia, kwa kuwa kwenu Singida huenda mambo yanakwenda tofauti, na mumeo ni mwanamume, hayo ya chumbani hakuyaona.

Basi simu ipigwe, na aipige yeye, siyo wewe. Ukipiga wewe itasikika kama mkwe anaweka masharti. Akipiga yeye ni mtoto anaomba kwa mama yake. Aseme hivi, kwa Kiswahili au kwa Kirombo chao: "Mama, tunakuja tarehe 24 na tunaondoka 27. Mke wangu bado ni mzazi na mshono haujakomaa. Naomba umtunze wewe mwenyewe, mlale naye chumba kimoja au cha jirani, na mtoto asichukuliwe na mtu bila wewe kukubali." Sikiliza hilo la mwisho. Umempa mama mkwe ufunguo. Yule uliyedhani atakuwa mshitaki wako anageuka askari wa mlangoni, na wifi yako hana ubavu wa kumpita mama yake mzazi.

Siku tatu zinatosha. Mkesha, Krismasi yenyewe, siku ya pili ya kuchinja na kukaa na wazee, kesho yake mnashuka. Hao wanaobaki hadi mwaka mpya wabaki. Na kama kidonda chako kinatoa usaha au una homa, au mtoto alizaliwa njiti au hajaongezeka uzito, basi yote niliyosema yafute: hamwendi, na mama mkwe ndiye anayeshuka Arusha na mkungu wake wa ndizi. Wapo mama wakwe wengi ambao wangeipenda safari hiyo kuliko kupikia ukoo.

Kabla ya kuondoka, kliniki. Mwanao anatimiza wiki sita katikati ya mwezi huu, na wiki ya sita ni ya chanjo: sindano ya magonjwa matano ambayo ndani yake mna kifaduro, sindano ya nimonia, matone ya polio na ya kuhara. Usiiache eti mtaifanya mkirudi. Unampeleka kwenye nyumba iliyojaa watu waliotoka miji mitatu, nusu yao wana mafua ya basi. Siku hiyo hiyo na wewe upimwe, maana mzazi naye ana hudhurio lake la siku 42. Wakutazame mshono, presha, wingi wa damu.

Safari yenyewe, msiondoke jioni ya mkesha. Usa River, Boma Ng'ombe, Moshi mjini, Himo, halafu kupanda Marangu hadi Rombo, hiyo barabara siku hiyo ina kila dereva aliyetoka Dar usiku kucha akisinzia. Tokeni alfajiri. Gari liwe na nafasi, siyo Noah iliyosheheni mikate, soda na shemeji watatu. Mtoto wa umri huo ananyonya mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo mtasimama, na gari lisimame kweli ndipo umnyonyeshe.

Sasa chumba. Hapa naomba usome polepole. Rombo usiku ni baridi hata Desemba, na mtu mwenye nia njema kabisa, shangazi fulani aliyekuja na kanga mpya ya zawadi, ataingiza jiko la mkaa chumbani ili mzazi na mtoto wapate joto, kisha atafunga dirisha. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Unalala, huamki. Jiko likiingia, wewe toka na mtoto hadi litolewe, na mumeo alitoe, asione haya. Joto la mtoto ni nguo moja zaidi ya zile unazovaa wewe, kofia mnapokuwa nje, na kifua chako. Alale chali, na asilazwe kitanda kimoja na watoto wa ndugu, hata wakilia kwamba wanampenda.

Kupokezana mtoto hutakuzuia kote. Babu ambebe, huo ndio msingi wa safari. Wengine wanawe mikono kwanza, na midomo yao ikae mbali na uso wa mtoto. Mwenye mafua au aliyekwisha kunywa amwangalie akiwa mikononi mwako. Maneno hayo ayaseme bibi.

Kuhusu wifi na uji wake. Maziwa ya mama yanapoanza kutoka ni mepesi, yana rangi ya maji maji, na kadiri mtoto anavyoendelea kunyonya titi lile lile yanakuwa mazito yenye mafuta. Ukikamua kidogo kwenye kikombe ukayatazama utadhani wifi yako ana haki. Hana. Anayejua kama maziwa yanatosha ni kadi ya kliniki: uzito ukipanda, na nepi zikilowa mara sita au zaidi kwa siku, yanatosha. Hadi miezi sita hakuna uji, hakuna maji, hakuna maji ya sukari. Asali ndiyo kabisa, hiyo inaweza kuwa sumu kwa mtoto ambaye hajafika mwaka. Lakini usibishane naye mbele ya watu, utachoka bure. Mwambie, "Nesi amekataza, wifi," halafu unyonyeshe. Mwache akabishane na nesi.

Wewe ule. Mtori kunywa kadiri unavyoletewa. Kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kama tumbo lako linakubali na kimeiva vizuri, kina madini ya chuma na wewe ulipoteza damu kwenye upasuaji. Mbege watakuletea wakisema inaleta maziwa. Inaleta pombe kwenye maziwa. Maziwa yanaletwa na mtoto anavyonyonya. Pokea kibuyu kwa mikono miwili kwa heshima, gusa mdomo, mpe mama mkwe.

Mtoto akipata joto la mwili, akikataa titi, akipumua haraka huku mbavu zinaingia ndani, au akilegea kiasi cha kutoamka kunyonya, hamsubiri sikukuu ipite wala hamsikilizi anayesema ni baridi tu. Hospitali ya Huruma iko huko huko Rombo. Mnakwenda saa hiyo hiyo, hata kama ndafu ndiyo kwanza inaingia uwanjani.

Nimeacha kwa makusudi ile sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama mtu anayeomba radhi kwa kukohoa. Kulia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni kawaida, karibu kila mzazi hupitia, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko wiki ya tano. Hiyo si udhaifu, wala hujarogwa, wala si kwamba humpendi mwanao. Ni hali inayotibika, na ina uwezekano wa kuwa kubwa zaidi ya hiyo safari yote tunayoizungumza. Siku ya kliniki, kabla hujavua shuka la mtoto kwenye mzani, mwambie nesi: "Nalia kila siku tangu nijifungue." Mwambie kama hulali hata mtoto akilala, kama chakula hakipiti. Na ikitokea wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kadi. Mwamshe mumeo, nendeni hospitali siku hiyo. Mama yako wa Singida naye mpigie umwambie ukweli, siyo ule wa "tuko salama tu mama".

Na kama umeajiriwa, sheria ya kazi inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo. Hizo ni za kupona na kumlea huyo mtoto. Usikubali zigeuzwe kuwa likizo ya kupikia ukoo.

Sasa mpe Baba Junior simu asome kuanzia hapa.

Baba Junior, shikamoo nimeipokea ingawa hujaitoa. Mkeo hamnyimi mama yako mjukuu. Anaogopa, na amepasuliwa tumbo ili wewe upate huyo wa kumpeleka kwa baba yako. Alipokwambia anaogopa ukamjibu kuhusu aibu yako. Mwaka jana kurudi saa sita za usiku kulikuwa baina yenu wawili. Mwaka huu wenzako uliosoma nao watakuita ukawanunulie kwa sababu umepata dume, na ni haki yao. Nenda mchana, kaa nao kwa muda wa saa mbili, rudi jua likiwa bado lipo. Usiku mtoto akiamka, mkeo ananyonyesha na wewe unabadilisha nepi na kumweka begani mpaka acheue. Mabegi unabeba wewe, ndoo ya maji ya kuoga ya mkeo unabeba wewe, maana yeye na mshono wake asinyanyue vitu vizito. Ndugu zako watakucheka siku ya kwanza. Baba yako hatacheka, atatazama.

Na tarehe 27 asubuhi, dada yako atakaposema, "Mbona mnakimbia?", jibu linatoka kwako. Siyo "mke wangu anataka". Ni "nimeamua".

Simu ya Rombo ipige leo jioni, mkeo akiwa amekaa pembeni anasikia, kabla mama hajaanza kugawa vyumba.