Pikseli pekee haitakuonyesha mpangilio wa kijiji

Swali: Ninaainisha makazi ya Dodoma na ya miteremko ya Kilimanjaro katika makundi matatu: nyumba zilizokusanyika, zilizojipanga kwa mstari na zilizotawanyika. Nimefunza modeli ya kompyuta ya kuainisha pikseli (vipande vidogo vinavyounda picha) kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2, lakini inachanganya mstari na mkusanyiko, na huko Kilimanjaro karibu haioni nyumba kabisa. Nimekosea wapi?

Jibu: Ndugu mwulizaji, tatizo lako linaanzia kwenye kile ulichoitaka modeli ikitazame. Pikseli ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100, ilhali nyumba ya mita 6 kwa 8 haifiki hata nusu yake. Rangi unayoipata ni mchanganyiko wa paa, uwanja uliofagiwa na kivuli cha mti. Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo wa Dodoma, lina paa la udongo lisilotofautiana na ardhi iliyolizunguka, na katika vihamba vya Wachaga, yaani mashamba yanayozunguka nyumba zao Kilimanjaro, migomba huifunika nyumba hata kama imeezekwa bati.

Isitoshe, mpangilio ni uhusiano wa nyumba na nyumba, kwa hiyo anza na ramani ya majengo. Data ya Open Buildings ya Google, iliyotolewa mwaka 2021, ina umbo la kila jengo na kiwango cha uhakika wake. Geuza kila jengo kuwa nukta, kisha utumie kipimo cha Clark na Evans cha mwaka 1954, ambacho hulinganisha wastani wa umbali wa nyumba na jirani yake wa karibu zaidi na ule ambao ungetarajiwa kama nyumba zingejengwa popote bila mpango. Katika kilomita moja ya mraba yenye nyumba 100, wastani unaotarajiwa ni mita 50. Ukipima ukapata mita 20, uwiano (20 kugawanya kwa 50) ni 0.4 na nyumba zimekusanyika, lakini ukipata mita 65, uwiano ni 1.3 na zimeachana.

Hata hivyo, nyumba zilizofuata barabara nazo hukaribiana, hivyo uwiano wake hushuka vilevile. Gawanya urefu wa kundi la nyumba kwa upana wake, na mstari utajitenga kwa namba yake kubwa. Kwa Dodoma usikiruke kipimo hiki, kwa sababu operesheni za kuhamishia watu vijijini za miaka ya 1970 ziliacha safu nyingi za nyumba kando ya barabara.

Usipime kwa mpaka wa kisheria wa kijiji. Malisho na misitu vikiingia kwenye eneo, karibu kila kijiji kitaonekana kimekusanyika, na kitongoji kilichotawanyika kitamezwa na kile cha barabarani. Dodoma, unganisha nukta zilizo ndani ya mita 100 ziwe kundi moja. Kilimanjaro njia hiyo itakupa kundi moja kubwa lisilo na mwisho, kwa kuwa kihamba kinapakana na kihamba. Huko ningegawa eneo katika miraba ya nusu kilomita, na kila mraba ningeukagua kwa macho kwenye picha yenye pikseli ndogo zaidi kabla ya kuiamini hesabu.