Je, nitume pendekezo la utafiti nililoandikiwa na mtu mwingine?

SWALI: Shikamoo Profesa. Mimi ni muuguzi. Nina shahada ya uzamili niliyoipata miaka minne iliyopita, na sasa natafuta nafasi ya kusoma uzamivu nje ya nchi. Nimewaandikia maprofesa wengi na karibu wote hawakujibu, ila mmoja amevutiwa na wazo langu la kuchunguza jinsi wauguzi wapya wanavyoamua kumwita au kutomwita daktari usiku hali ya mgonjwa inapobadilika. Ameniomba kurasa mbili ndani ya wiki tatu. Rafiki yangu akaniunganisha na wakala anayeandikia watu mapendekezo ya utafiti. Ameniandikia kurasa kumi na mbili, lugha imenyooka, sampuli ni wauguzi 384, hojaji imo, mpango wa takwimu umo. Anasema ataniandalia na barua za wadhamini, na kwamba ufadhili ni wa uhakika. Je, nilitume hivyo hivyo, au nilibadilishe maneno kidogo ili programu za ukaguzi zisilinase? Mimi nawaza kwamba nikishapata nafasi nitajifunza huko huko. Jambo la pili: nasikia wengi huishia njiani kwa msongo. Nijiandae vipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usilitume, na usipoteze hata jioni moja kulibadilisha maneno. Profesa aliyekujibu amekupa kitu ambacho waombaji wengi hawakipati: amevutiwa na swali lako na anataka kukusikia ukilifafanua mwenyewe. Ameomba kurasa mbili. Wakala amekupa kumi na mbili, na swali lako halimo.

Tuanze na hiyo 384, maana nakutana nayo kila msimu wa udahili. Haikutoka katika hospitali yoyote. Ni jibu la fomula: ukiwa na kundi kubwa la watu, ukataka uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi asilimia 5, hesabu inakuangukia hapo. Jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, ambalo watafiti wengi hulitumia kupanga ukubwa wa sampuli, linatoa idadi hiyo hiyo kwa kundi la watu milioni moja. Kwa anayetaka kukadiria ni asilimia ngapi ya kundi wana sifa fulani, hesabu hiyo ni halali kabisa. Lakini wewe huulizi ni asilimia ngapi. Unauliza ni vipi. Muuguzi aliyeanza kazi juzi anaona nini saa nane usiku? Anamhofia nani? Anapimaje kati ya kumwamsha daktari bure na kuchelewa kumwita? Visanduku vya kuweka alama ya vema havitakufikisha huko. Swali la namna hii linataka mahojiano marefu na watu wachache waliochaguliwa kwa makini, huenda ishirini, huenda pungufu, na ukipata kibali, saa nyingi za kukaa wodini ukitazama. Halafu wauguzi wapya 384 ungewatoa wapi? Wewe uliyefanya zamu unajua wodi moja hupokea wapya wangapi kwa mwaka. Wakala hajui, na hakukuuliza.

Kilichonifanya nikujibu kwa urefu, hata hivyo, si 384. Ni ile kauli yako kwamba ukishapata nafasi utajifunza huko huko. Naisikia mwaka hadi mwaka, tena kutoka kwa watu wenye akili na bidii, na imewaharibia wengi kuliko alama hafifu au lugha ya kubabaika. Imejengwa juu ya dhana kwamba pendekezo ni tiketi: ukishapanda, hakuna atakayekuuliza tena. Sivyo ilivyo. Pendekezo ni utafiti wenyewe katika hatua yake ya kwanza, na kila hatua inayofuata inarudi kulihoji.

Inaanza kwenye usaili. Nikikaa upande wa pili wa meza sikuulizi ulichoandika, maana nimeshakisoma. Nakuuliza ulichokiacha. Kwa nini njia hii na si ile? Ni chapisho gani hukubaliani nalo, na hukubaliani na nini ndani yake? Matokeo yakija kinyume na unavyotarajia, utafanya nini? Aliyeandika mwenyewe hujibu kwa kigugumizi, hurudi nyuma, hujisahihisha, na mimi naona akili ikifanya kazi. Aliyeandikiwa hujibu kwa kunisomea sentensi za kwenye karatasi.

Tuseme umepita usaili. Inafuata kamati ya maadili, kwa sababu utafiti wako unagusa wodi na wagonjwa. Kamati itataka kujua utamfanyaje muuguzi atakayekusimulia kosa lililomgharimu mgonjwa: utatunza siri yake au utatoa taarifa? Hilo ndilo fundo la utafiti wako, na katika kurasa kumi na mbili za wakala nina hakika halimo. Kisha kuna tathmini. Katika vyuo vingi vya Uingereza mwanafunzi wa uzamivu huanza kwa usajili wa muda, na mwishoni mwa mwaka wa kwanza au karibu na hapo hutetea mpango wake mbele ya wakaguzi. Asipowaridhisha anaweza kutakiwa kurudia, au kushushwa hadi shahada ya chini. Marekani utaratibu ni mwingine, kwani utasoma kozi kwanza, ufanye mitihani mikuu, ndipo utetee pendekezo rasmi. Lakini huko pia maandishi uliyoombea nafasi ndiyo yaliyokukutanisha na msimamizi. Ikiwa hayakuwa yako, mmekutanishwa kimakosa, na mtaishi na kosa hilo miaka mitano au sita.

Hapo ndipo swali lako la pili linapokutana na la kwanza. Umeuliza ujiandae vipi na msongo, kana kwamba msongo unakungoja huko mbele na hauhusiani na unachokifanya leo. Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha uchunguzi wa wanafunzi 2,279, wengi wao wa uzamivu, kutoka nchi 26. Asilimia 39 walikuwa na dalili za sonona za kiwango cha kati hadi kikali, ikilinganishwa na asilimia 6 ya watu wa kawaida. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo usichukue namba hizo kama sensa. Lakini mimi nilipousoma niliangalia zaidi yale yaliyosemwa kuhusu wasimamizi: waliokuwa na sonona au wasiwasi mkubwa, wengi hawakuhisi kwamba msimamizi wao anawalea kitaaluma kikweli.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtu aliyeingia na pendekezo la kununua. Data haiji kama ilivyopangwa, na haiji hivyo kwa mtu yeyote. Mwenye kazi yake anamwendea msimamizi na kusema, "Nimekwama hapa, nilidhani hivi, naona vile." Asiye na kazi yake hawezi kusema hivyo, kwa sababu hajui mpango ulijengwa juu ya fikra gani. Anaahirisha kikao cha kwanza, kisha cha pili. Barua pepe za msimamizi zinamtia hofu, anaacha kuzifungua. Mtu pekee mwenye wajibu na uwezo wa kumsaidia amegeuka mtu wa kukwepwa. Nimewaona wanafunzi wa namna hiyo wakipotea taratibu, wakiwa na uwezo wote wa kusoma. Wapo wanaodhani wameshindwa kwa sababu hawana akili ya kutosha. Walichokosa ni miezi ile ya kuhangaika na swali kabla ya kuomba nafasi, ambayo walimlipa mtu ili isiwapate.

Kwa hiyo maandalizi bora ya maisha ya huko ni kuandika kurasa hizo mbili kwa mkono wako. Mengine ni madogo, nayataja haraka. Vikao na msimamizi viwe na tarehe iliyopangwa, visitegemee kuwa una cha kuonyesha. Andika kidogo kila wiki tangu mwezi wa kwanza. Jiunge na kundi la wanafunzi wanaosomeana kazi. Na usingizi na hamu ya kula vikikutoka kwa wiki kadhaa, nenda kwa daktari au kitengo cha ushauri cha chuo kama unavyomshauri mgonjwa wako. Wewe ni mtu wa afya, sihitaji kukueleza zaidi.

Kuhusu programu za ukaguzi, watu wamekariri kwamba kuna asilimia fulani ukiwa chini yake uko salama. Programu hizo hulinganisha maandishi na kuonyesha yanayofanana, na uamuzi hubaki kwa msomaji. Nimeona kazi zenye asilimia kubwa zisizo na kosa lolote, kwa sababu ya marejeo na majina ya vipimo. Nimeona pia zenye asilimia ndogo sana ambazo kila wazo ndani yake ni la mtu mwingine. Kubadilisha maneno hakubadilishi mwenye wazo, ila kunaongeza kosa la kuficha. Na ikiwa wakala ametumia akili mnemba bila kuihakiki, kagua orodha yake ya marejeo, moja baada ya jingine. Mashine hizo huweza kutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa, zenye kichwa cha kuvutia na majina ya waandishi halisi. Profesa wako anaifahamu fani yake, ataligundua chapisho la kubuni kabla hajamaliza chai.

Barua za wadhamini ndizo zilizonitisha zaidi. Wakala anaposema "ataziandaa", ana maana ya kutunga barua kwa jina la mwalimu wako na kufungua anwani ya barua pepe inayofanana na yake. Huko ni kughushi. Kamati ya udahili huandika moja kwa moja kwa mdhamini kupitia anwani ya idara, au humpigia simu. Ikibainika, hutanyimwa nafasi hiyo tu. Jina la mwalimu wako litakuwa limeingizwa kwenye uchunguzi asioujua, na hutaweza tena kumwomba barua ya kweli.

Na huo "ufadhili wa uhakika" haupo. Hakuna mtu wa nje ya kamati ya ufadhili anayeweza kuuahidi. Chevening ya Uingereza, DAAD ya Ujerumani, Fulbright ya Marekani na ufadhili wa Jumuiya ya Madola hawatozi ada ya maombi, na masharti yao yote yako wazi kwenye tovuti zao. Tena Chevening hugharamia uzamili, si uzamivu, kwa hiyo wakala akikutajia kwa ajili ya uzamivu umeshajua anajua kiasi gani. Vyuo vingine hutoza ada ya kushughulikia maombi, lakini hulipwa kwa chuo chenyewe kupitia mfumo wake, kamwe si kwa simu ya mtu.

Watu hawa wako kila mahali, na hawaishii kwenye pendekezo. Ukiingia kwa msaada wao watakufuata na mapitio ya machapisho, kisha uchambuzi wa data, kisha makala "itakayochapishwa ndani ya wiki moja" kwenye jarida ambalo halina wahakiki. Uhakiki wa kweli huchukua miezi, na makala ya jarida la aina hiyo hukaa kwenye wasifu wako ikikushtaki kwa kila anayeijua fani. Uingereza iliona biashara hii imekomaa kiasi kwamba sheria ya mwaka 2022 ilifanya kuwauzia wanafunzi kazi za masomo kuwa kosa la jinai nchini England. Australia ilikuwa imeshatunga sheria yake mwaka 2020. Lakini sheria hizo humlenga muuzaji. Mnunuzi huachiwa chuo chake, na vyuo vina kumbukumbu ndefu. Annette Schavan alipata uzamivu mwaka 1980. Mwaka 2013, akiwa waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani, Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua shahada hiyo kwa wizi wa maandishi, na ndani ya siku chache akajiuzulu. Pál Schmitt, rais wa Hungaria, aliuacha urais mwaka 2012 baada ya kuvuliwa uzamivu wa mwaka 1992. Hao hawakushtakiwa kwa kununua pendekezo. Nawataja kwa sababu wakala atakuambia kwamba ukishavaa joho mambo yamekwisha, na miaka 33 ya Schavan inaonyesha vinginevyo.

Wiki tatu zinakutosha. Mwambie wakala umesitisha, na umkataze kwa maandishi kutumia jina lako au la walimu wako. Usisubiri akurudishie fedha ndipo uanze. Tafuta machapisho kumi kuhusu wauguzi na kuomba msaada hali ya mgonjwa inapozorota, yapo mengi, na usome hasa sehemu ambazo waandishi wanakiri mipaka ya kazi yao. Katika ukurasa wa kwanza eleza tukio la zamu ya usiku ulilolishuhudia na lililokuacha na swali, bila kumtambulisha mgonjwa wala mfanyakazi, kisha sema machapisho hayo yamelijibu kwa kiasi gani na wapi yameliacha. Ukurasa wa pili useme ungependa kuzungumza na nani, kwa njia gani, na jambo gani la kimaadili bado linakutatiza. Ndiyo, andika kwamba linakutatiza. Mpelekee msimamizi wako wa uzamili akusomee, na umwombe barua wakati huo huo. Ukiona muda unakubana, mwandikie profesa siku tano kabla, si usiku wa mwisho, umwombe wiki moja zaidi. Aliyelipenda swali lako atakupa.