Mimea ya ndani na uzito wa moyo msimu wa baridi

Dada yangu, nimekuelewa: umehamia Njombe kikazi ukitokea Tanga, ukungu wa Juni hauondoki hadi saa nne asubuhi, moyo umekuwa mzito, nawe unauliza kama mimea ya ndani itakusaidia.

Kwa uzoefu wangu hapa Mafinga inasaidia, ingawa faida kubwa haitokani na kuitazama bali kuihudumia, kwa sababu kila asubuhi inakubidi ufungue pazia, usogee dirishani na upate mwanga ambao wewe mwenyewe unauhitaji. Anza na mshubiri mmoja na nanaa kidogo, uviweke kwenye dirisha linalotazama kaskazini, maana miezi hii jua hupita upande huo. Nanaa yangu nimeipanda kwenye kopo la maziwa lililotobolewa chini. Nikifikicha jani moja kabla ya kuchemsha chai, harufu yake hubaki vidoleni hadi nifike kazini. Mshubiri usiumwagilie kabla hujachomeka kidole na kukuta udongo umekauka, kwani maji mengi wakati wa baridi huozesha mizizi, nami wangu wa kwanza niliupoteza hivyo.

Tafadhali usilale na jiko la mkaa chumbani ukidhani mimea itasafisha hewa. Haiwezi, na hewa hiyo huua.

Huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya chakula vikipotea, nenda hospitali ukamwone daktari. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu unayemwamini.