Maswali ya Wasomaji: Vitabu viko kabatini, watoto wako nje

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nafundisha darasa la kwanza, watoto 46. Tulipata vitabu vya hadithi kama 90 hivi vya msaada nikavipanga kabatini vizuri kabisa, vikubwa chini vidogo juu. Siku ya kwanza kuwafungulia watoto ilikua vurugu tupu, walivivamia, viwili vikachanika kava na kimoja sikioni mpaka leo. Nikafunga kabati, funguo ninazo mimi. Sasa mwalimu mkuu ananiuliza mbona watoto hawasomi vitabu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole, ila hapo watoto hawana kosa. Vitabu 90 siku moja mbele ya watoto wa miaka sita, hata mimi ningevamia.

Anza upya. Toa vitabu vyote weka chini, pitia kimoja kimoja. Kilichokosa kurasa za kati, chenye ukungu, na vile vya watu wazima vilivyoingia kwa sababu tu vilikua vya bure, weka pembeni bila huruma. Ukibaki na 60 umebaki na maktaba. Alafu usivitoe vyote, toa kumi kwa wiki, na kila kitabu kabla hakijaingia kwenye shelfu kishike mbele ya darasa, waonyeshe kava, soma kurasa mbili kwa sauti, ukifika pale pazuri funga. Watalalamika, waache walalamike, kesho yake utaona wanakitafuta hicho hicho kwa jina.

Sasa kupanga. Sisi watu wazima tumezoea kusimamisha vitabu migongo nje, lakini mtoto ambae bado anaunga herufi mgongo wa kitabu haumwambii kitu, kava ndo linamwita. Chukua katoni la karatasi za kuprinti, upande wa mbele ukate ushuke mpaka nusu, vitabu vikae ndani vimetazama mbele, kama kumi hivi kwa boksi, mtoto avipekue kwa vidole kimoja baada ya kingine. Ukijaza ishirini na tano havipekuliki, vinavutwa kwa nguvu, na hapo ndipo makava yanapochanika. Kuhusu urefu wa shelfu mi napima hivi: napiga magoti, kama siufikii vizuri ubao wa juu basi nao watoto hawaufikii, na mtoto asiyefikia anapanda.

Makundi wape wao wenyewe wayatunge. Nilipofanya hivyo darasani kwangu nilitegemea niambiwe wanyama, familia, magari, nikaambiwa kuna boksi la "vinavyochekesha" na boksi la "vinavyotisha", na kitabu cha mamba, ambacho mimi nilishakiweka kwa wanyama, kikahamishiwa kwenye vinavyotisha. Nikakiacha huko huko, na kilisomwa kuliko vyote. Ule mfumo wa namba wa Melvil Dewey, yule Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876, unaoanzia 000 mpaka 999, ni mzuri sana kwa maktaba kubwa, ila kwa mtoto anaejifunza kuhesabu mpaka 20 ni mateso. Bandika stika kwenye boksi na stika hiyo hiyo kwenye kila kitabu chake, kona ile ile, na usitegemee rangi peke yake maana kuna watoto, hasa wavulana, hawatofautishi nyekundu na kijani, chora na kapicha.

Kuazima: kila mtoto apewe kadi ngumu yenye jina lake. Akichukua kitabu anaacha kadi pale kilipokua. Kengele ikilia unaangalia tu kadi zilizobaki, unajua nani ana deni. Na wiki kwa wiki teua wakutubi wawili wa darasa, sio wale wenye akili sana tu, yule mtundu mpe kazi hiyo mapema.

SWALI: Nimeweka utaratibu kwamba mtoto akichana kitabu mzazi analipa. Tangu hapo vitabu ni vizima kabisa ila hakuna anaeazima. Nimekosea?

JIBU: Ndio. Mhindi mmoja mkutubi, S. R. Ranganathan, aliandika sheria tano za maktaba mwaka 1931 na ya kwanza kabisa inasema vitabu ni vya kutumika. Futa hiyo faini, weka boksi la "hospitali", kitabu kikiumia mtoto anakipeleka mwenyewe bila kuulizwa nani kafanya. Ijumaa mnakaa mnatibu pamoja kwa selotepu, nunua ile pana inayoonyesha, ya bei ya chini inageuka njano na kukauka. Mtoto aliyeshika mkasi kutibu kitabu hakunji tena kona.

SWALI: Nipange kwa ugumu? Daraja A, B, C?

JIBU: Kwenye daftari lako la siri sawa, kwenye shelfu hapana, wataanza kuitana majina. Wafundishe vidole vitano: fungua ukurasa wowote, kila neno usilolijua kunja kidole, vikiisha vitano hicho bado, labda usomewe. Na akitaka kukaa nacho kwa ajili ya picha tu, mwache.

SWALI: Vitabu vyetu vinaliwa na wadudu pembeni.

JIBU: Unyevu huo. Shelfu isigusane na ukuta wala sakafu, weka tofali chini, acha nafasi ya ngumi nyuma, na kila baada ya wiki mbili toa vyote ukung'ute. Kilichoanza kuliwa kitenge kwenye mfuko uliofungwa, usikirudishe na wenzake mpaka umekikagua ukurasa kwa ukurasa.